Maskini kwa Hiari

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kutazama jambo ambalo watu wengi wa Korogwe na Handeni wameliona kwa macho yao, lakini ni wachache waliopata kuelezwa asili yake. Wazee wetu waliona watu waliotoka katika nchi yenye mali nyingi wakaja kukaa kati yao bila mke, bila mume, bila mtoto na bila mshahara. Na walipoulizwa sababu, wakajibu kwamba hayo yote wameyaacha kwa kupenda. Mzee wa Kizigua aliyewazika jamaa zake wakati wa njaa alikuwa na haki ya kushangaa. Umaskini aliujua sana, naye alikuwa akiukimbia kila siku kwa jembe lake. Mtu mwenye akili timamu anautafutaje?

Swali hilo si la Uzigua peke yake. Liliulizwa India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, likaulizwa Misri, likaulizwa Ulaya. Leo tutachukua dini mbili tu, Ukristo na dini ya Budha. Ndugu zetu Waislamu wanao masufi wao, na habari za Ibrahimu bin Adham, aliyeacha enzi ya Balkh akaenda kuishi kifukara, zimesimuliwa katika nchi nyingi. Hao wanastahili mazungumzo yao wenyewe siku nyingine.

Tuanze nyumbani. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, ilizaliwa Uingereza baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Kutoka Unguja ilifika Magila, katika Bonde, miaka ya 1860, na kutoka huko ikaenea hata Korogwe na Uzigua. Desturi yake moja iliitenga na misheni nyingine nyingi: Wazungu wake hawakulipwa mshahara. Padre, mwalimu na muuguzi walipewa nyumba na chakula, na fedha kidogo za nguo na mahitaji, kama paundi 20 kwa mwaka. Nao walitumika bila kuoa. Aliyetaka kuoa aliiacha kazi.

Mwaka 1911 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alianzisha chama cha watawa wanawake, chama cha Mateso Matakatifu. Masista hao walikaa Magila, wakafanya kazi Korogwe, na upande wa Handeni wakafika Kideleko na Kwamkono, wakifundisha wasichana na kutibu wagonjwa. Kila mmoja aliweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Kwa nadhiri ya kwanza, hakuwa tena na kitu cha kukiita changu. Hata kalamu aliyoandikia ilikuwa ya chama.

Je, watu hawa walikuwa maskini kweli? Kwa macho ya Uingereza, ndiyo. Wengi wao walikuwa wamesoma vyuo vikubwa, na wangeweza kupata kazi zenye faida na heshima. Kwa macho ya Handeni jambo lilikuwa jingine. Nyumba ya misheni ilikuwa na paa lisilovuja, na ghala, na taa, na vitabu, na dawa. Mvua isiponyesha, mtawa hakulala njaa. Akiugua sana, alipakiwa melini akarudi kwao. Basi yatupasa kutenganisha vitu viwili ambavyo lugha mara nyingi huvichanganya. Umaskini wa kunyimwa ni mlango uliofungwa kwa nje. Ufukara wa nadhiri ni mlango uliofungwa kwa ndani, na ufunguo anao mwenyewe aliyeufunga.

Uzigua iliujua vema mlango wa nje. Katika njaa za miaka ya 1880 na 1890, wakati wa ukame na nzige, na sotoka iliyomaliza ng'ombe, wako waliojiweka rehani wao wenyewe au watoto wao kwa matajiri wa pwani ili wapate nafaka. Baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902 na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni, walikuja manamba kutoka nchi za mbali, wakakata mkonge kwa kipande cha siku 30. Walilala katika kambi, mali yao ikiwa blanketi na sufuria. Ukihesabu vitu tu, manamba alikuwa na vichache kuliko mtawa yeyote. Lakini yeye hakuweka nadhiri yoyote.

Weston mwenyewe aliijua tofauti hii. Mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kuishambulia serikali yake kwa sababu ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Na mwaka 1923, katika mkutano mkubwa London, aliwaambia Wakristo wenzake kwamba ibada yao mbele ya altare haifai kitu ikiwa hawamhurumii Kristo katika miili ya maskini wa mitaa yao. Alifariki Hegongo, jirani na Magila, Novemba 1924.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu jawabu la kale kuliko la Magila lilitolewa India. Kama karne 5 kabla ya Kristo alikuwako kijana jina lake Siddhartha Gautama, mwana wa mkuu wa kabila la Shakya, chini ya milima ya Himalaya. Wafuasi wake husimulia kwamba baba yake alimlea katika raha, akamficha kila jambo la huzuni. Lakini kijana akatoka nje, akamwona mzee, akamwona mgonjwa, akaona maiti, kisha akamwona mtawa aliyetulia. Alipokuwa na umri wa miaka 29 aliondoka usiku, akaacha nyumba, mke wake Yasodhara, na mtoto mchanga Rahula.

Tukisimulia habari hii darasani, wanafunzi wetu huuliza upesi: na yule mtoto alilelewa na nani? Ni swali zuri, nasi tutalirudia kabla ya kumaliza.

Kwa miaka 6 Siddhartha aliutesa mwili wake kwa kufunga, hata akakonda akawa mifupa. Kisha akaacha. Aliona kwamba mtu anayejitesa amefungwa na mwili wake sawasawa na mtu anayeustarehesha, maana wote wawili hawana wazo jingine. Akashika njia ya katikati, na chini ya mti wa jamii ya mkuyu akapata nuru. Ndipo akaitwa Budha, yaani Aliyeamka. Jambo hili twaomba msomaji alishike, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba dini hiyo yasifu mateso. Haisifu mateso. Inasema kwamba chanzo cha huzuni ya wanadamu ni kiu, yaani ile tamaa isiyoisha ya kupata na kushika; na mtu aweza kuwa na kiu hiyo juu ya shilingi moja kama vile juu ya ufalme.

Watawa wake wakawekewa sheria. Vitu vyao ni vinane: nguo tatu, bakuli, mshipi, wembe, sindano, na kitambaa cha kuchujia maji. Wasipokee dhahabu wala fedha. Wasile chakula baada ya adhuhuri. Kila asubuhi wachukue bakuli wapite nyumba kwa nyumba, wasimame kimya bila kuomba kwa maneno, wapokee watakachotiliwa. Wala hatuna haja ya kwenda India kutafuta habari zao. Wasinhala waliotoka kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kiliitwa Ceylon, walikuja kufanya kazi Dar es Salaam katika siku za mwanzo za utawala wa Waingereza. Wakafanya chama chao, wakajenga hekalu Upanga katika miaka ya 1920, na uani mwake wakapanda mche wa mti ule mtakatifu.

Hapo kale watu wa dini hizi mbili hawakujuana sana, lakini hadithi ilijuana kabla yao. Habari za kijana aliyeacha enzi zilitoka India zikapita Uajemi, zikaandikwa kwa Kiarabu. Katika Kihindi mtu anayeelekea kuwa Budha huitwa Bodhisatva. Waajemi na Waarabu walilitamka Budhasafu. Basi kila aliyesoma chuoni anajua kwamba herufi be mwanzoni mwa neno ina nukta moja chini, na ye ina mbili. Mwandishi mmoja aliongeza nukta, na Budhasafu akawa Yudhasafu. Wakristo wa Georgia, katika milima ya Kaukasi, wakaipokea hadithi hiyo wakaifanya ya Kikristo; ikatiwa katika Kiyunani, kisha Kilatini, na jina likaishia kuwa Yosafati. Hivyo Wakristo wa Ulaya wakawa na mtakatifu, Yosafati mwana wa mfalme wa India, aliyeongolewa na mkaa pweke jina lake Barlaamu aliyemjia amejigeuza mfanya biashara ya vito. Jina lake likatiwa hata katika orodha ya watakatifu ya Roma, siku ya 27 Novemba.

Katika mafundisho ya Barlaamu upo mfano mmoja ambao ulipendwa kila nchi. Mtu alikuwa akimkimbia mnyama mkali, akatumbukia shimoni, akashika mti mdogo uliomea ukutani. Chini aliona joka limefunua kinywa. Akatazama mizizi, akaona panya wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wakiitafuna bila kupumzika. Hao ni mchana na usiku. Kisha akaona matone ya asali yakichuruzika majanini. Akasahau mnyama, akasahau joka, akasahau panya, akaanza kuramba. Mfano huu Wahindi waliusimulia, Waarabu wakausimulia, na watawa wa Ulaya wakauchonga katika mawe ya makanisa.

Ulifika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1553, Enbaqom, mtu wa asili ya Yemen aliyezaliwa Mwislamu, kisha akawa Mkristo na mkuu wa watawa wa Debre Libanos huko Ethiopia, alikitafsiri kitabu cha Barlaamu na Yosafati kutoka Kiarabu kuwa Kigeezi. Nchi yake ilikuwa imetoka katika vita vya Ahmad Gran, na makanisa mengi yalikuwa majivu. Waliokisoma walikuwa watu waliopoteza mali bila kuweka nadhiri, nasi twadhani maneno ya kitabu yaliwaingia kwa namna ambayo hayakumwingia mtu aliyeshiba.

Mreno mmoja, Diogo do Couto, aliyepata kupita kisiwa cha Msumbiji mwaka 1569, ni katika watu wa kwanza walioona kwamba habari za Yosafati na za Budha zafanana mno. Yeye alidhani Wabudha ndio walioazima. Wataalamu wa karne ya 19 walionyesha kwamba mkopo ulikwenda upande wa pili.

Lakini hadithi moja haifanyi dini moja. Hitilafu moja watu wa Handeni wataiona upesi kuliko wenyeji wa mji, nayo ni jembe. Mtawa wa Kibudha amekatazwa kuchimba ardhi, maana ndani ya udongo mna viumbe hai, na jembe lingewaua. Haruhusiwi kulima hata akitaka. Lazima ale kwa mkono wa mkulima. Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mtawa huyu siku ya tatu haifiki kamwe. Wenyewe hueleza kwamba hiyo ndiyo maana ya sheria: asiyeweza kujilisha hawezi kujivuna, na anayemlisha naye hupata thawabu na mafundisho, hata kila upande uwe na deni kwa mwenzake.

Wakristo walifuata njia nyingine. Katika Misri, kama mwaka 270, kijana jina lake Antoni aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, pale Yesu anapomwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini. Akagawa mashamba ya urithi wake, akaenda jangwani. Alikuwa na dada mdogo, akamweka kwanza mikononi mwa wanawake waaminifu ili wamlee. Huko jangwani hakukaa bure. Yeye na waliomfuata walisuka majani ya mitende, kama mama zetu wanavyosuka ukili, wakauza mikeka na vikapu wakanunua mkate, na kilichozidi wakawapa maskini. Pakomi, aliyekufa mwaka 346 au karibu yake, akawakusanya watawa katika nyumba kubwa zenye mashamba na mafundi. Watrapisti waliojenga Gare, katika Usambara, mwisho wa karne ya 19, walikuwa wa ukoo huo: kimya, sala na jembe.

Hata sababu hazifanani. Mbudha huachilia vitu kwa kuwa kuvishika kwaleta maumivu, na nia yake ni kuizima kiu. Mkristo huviacha kwa ajili ya kumfuata mtu, Yesu, ambaye hakuwa na nyumba yake mwenyewe, na nia yake ni kupenda zaidi. Wa kwanza atakuambia: chunguza moyo wako, uone jinsi ulivyoshikwa. Wa pili atakuambia: tazama, jirani yako yuko mlangoni. Bila shaka wako Wabudha wenye huruma kubwa, nao wako watawa wa Kikristo wasiomjua jirani. Tunasema habari za mafundisho tu.

Katika aibu moja, hata hivyo, walikuwa ndugu kabisa. Watu wakimwona mtu asiyetaka mali, humletea mali. Wafalme wa Ceylon waliwapa watawa wa Anuradhapura mashamba, mabwawa ya maji na vijiji vizima, hata mtawa mmoja mmoja akawa hana kitu, na nyumba yake ikawa tajiri kuliko mkuu wa nchi. Mara kwa mara walitokea wengine waliochukizwa, wakarudi porini na bakuli zao. Ulaya ilikuwa hivyo hivyo. Fransisko wa Asizi, mwana wa mfanya biashara ya nguo, alivua nguo mbele ya askofu akazirudisha kwa baba yake, akakataza wafuasi wake hata kugusa fedha. Alikufa mwaka 1226. Hazikupita miaka 100, wafuasi wake wakawa na majumba na ugomvi juu yake, na mwaka 1323 Papa Yohane wa 22 akatangaza kwamba kusema Kristo na mitume hawakuwa na mali yoyote ni uzushi. Watu walichomwa moto katika ugomvi huo.

Turudi Korogwe. Kwa maoni yetu nadhiri ya ufukara ni kitu chenye heshima, maadamu kinakaa mkononi mwa aliyeiweka. Ubaya huanza anapoichukua akamwekea mwingine. Mwalimu wa Kiafrika mwenye mke na watoto sita, anayesomesha wadogo zake na kumtunza mama mzee, hakuweka nadhiri. Akiomba aongezewe mshahara, kisha akajibiwa na asiye na mtoto kwamba Mkristo hapaswi kupenda fedha, ameonewa, hata kama maneno aliyoambiwa ni ya kweli. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na jamaa zake nyumbani hawataulamba. Budha mwenyewe, katika jambo hili, alikuwa na busara: wenye nyumba na jamaa hakuwaagiza kubeba bakuli. Aliwafundisha kupata mali kwa njia ya haki, kuitunza, kulisha watoto na wazazi, na kutoa. Mitume nao hawakuwaambia Wakristo wote wauze nyumba zao, maana katika nyumba hizo ndimo kanisa lilimokutanika.

Lipo jambo gumu zaidi, nalo lilifika kwetu pale wasichana wa Kiafrika walipotaka kuweka nadhiri wao wenyewe. Mwaka 1946, huko Masasi, masista wale wa Mateso Matakatifu walianzisha chama cha watawa wanawake wa Kiafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu. Msichana wa Uingereza akiingia utawani, wazazi wake huhuzunika. Msichana wa Kizigua akiingia, ukoo mzima hukutana. Wazigua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo binti ndiye mlango ambao kwao ukoo hupita kwenda mbele. Akiufunga, hafungi mlango wake peke yake. Mjomba atauliza habari za mahari, na watu hupenda kumcheka kwa swali hilo, wakisema ana tamaa. Sisi hatumcheki. Mama yake ataulizia wajukuu, naye swali lake hatulijui jawabu.

Ndipo twakumbuka lile swali la wanafunzi. Rahula alilelewa na mama yake, katika nyumba ya babu. Baada ya miaka kadhaa Budha alirudi kwao, na Yasodhara akamtuma mtoto kwa baba yake akadai urithi. Urithi aliopewa ulikuwa kunyolewa nywele na kufanywa mtawa mdogo, papo hapo. Babu, mzee Suddhodana, alikuwa amekwisha mpoteza mwana. Sasa akapotewa na mjukuu. Akamwendea Budha, akamweleza jinsi uchungu huo unavyokata ngozi, ukakata nyama, ukafika ndani ya mfupa, akamwomba watawa wasimpokee tena mtoto wa mtu bila idhini ya wazazi wake. Budha akakubali, ikawa sheria. Nayo ingali sheria: hata leo, mtu anapoletwa mbele ya watawa apokewe, katika maswali wanayomwuliza hapo limo hili, kama mama yake na baba yake wamempa ruhusa.